Mbolea ya ruzuku Moshi na Arusha: malizana na daftari kabla mvua haijaanza

Kila mwaka ikifika Machi simu yangu haipumziki. Mara shangazi wa Kibosho, mara jirani aliyelima Kahe, mara jamaa wa Usa River ambaye hata sikumbuki tulifahamiana wapi, na wote shida ni moja, mbolea ya ruzuku, jina halionekani kwenye daftari la wakulima, au meseji haiji, au wakala wa mbolea anamwambia heka zako zimeshaisha na yeye hajanunua hata mfuko mmoja. Na kila mwaka najibu mmoja mmoja mpaka usiku, wakati huo mvua inanyesha na mahindi ya mwenzake yameshatoka majani manne. Sasa nimeamua kuandika yote hapa, mtumie mzazi wako, mtumie jirani, na kama mzazi hasomi kwenye simu basi kaa nae umsomee, haichukui muda.

Kwanza kabisa naomba tuelewane hapa, ruzuku ya kwetu sio hela. Hakuna siku serikali itakurushia pesa ya mbolea kwenye simu. Mtu akikupigia akasema natoka wizarani, ruzuku yako imetoka, tuma kwanza elfu ishirini tufungue faili, huyo ni tapeli, kata simu na uwaambie wengine. Najua watu wanachanganya kwa sababu wanasikia mambo ya Marekani, kule mkulima anaenda ofisi ya kilimo ya kaunti yake, anajaza fomu, malipo yanaingia benki kwa jina lake, na habari za nani kalipwa kiasi gani ziko wazi kila mtu anasoma. Huku kwetu njia ni nyingine. Wewe unanunua mbolea dukani kwa bei iliyoshushwa, afu serikali inamlipa ile tofauti aliyeleta mbolea, na inamlipa baada ya kuhakikisha kwamba ule mfuko kweli umeenda kwa mkulima mwenye jina na mwenye shamba. Ukishalielewa hilo utajua kwa nini wanakusumbua na namba, na meseji, na kuskani mfuko. Bila wewe kuonekana kwenye sistimu hakuna atakayelipwa, na kama hakuna atakayelipwa hakuna wa kukuuzia kwa bei ile. Kwahiyo safari nzima ya mbolea inaanzia kwenye daftari la kijiji, na daftari halishughulikiwi siku ya kupanda.

Ruzuku hii ya sasa ilizinduliwa tarehe 8 Agosti 2022 siku ya Nane Nane pale Mbeya, na Rais Samia, baada ya bei kupaa mwaka ule kwa ajili ya vita ya Urusi na Ukraine juu ya matatizo ya korona yaliyokuwepo tayari. Mnakumbuka DAP, ile mbolea ya kupandia, ilivyopita laki na thelathini mfuko wa kilo 50? Watu walipanda bila mbolea kabisa. Msimu wa 2022/23 ikatengwa bilioni 150, DAP na Urea zikauzwa 70,000 mfuko, CAN 60,000, SA 50,000 (Urea, CAN na SA ndo za kukuzia). Sizitaji hizo bei ili uende kugombana nazo dukani leo, bei zinapitiwa kila msimu na TFRA, yaani ile Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, ndo wanatoa bei elekezi, na bei elekezi inatofautiana sehemu na sehemu kwa sababu ya usafiri. Kabla hujatoka nyumbani muulize afisa kilimo wa kata bei elekezi ya wilaya yako msimu huu ni ngapi, iandike kwenye karatasi, nenda nayo.

Wazee watakumbuka vocha. Ile ilianza msimu wa 2008/09, unapewa vocha ya mfuko wa kupandia, ya Urea na ya mbegu kilo kumi, kwa heka moja ya mahindi au mpunga, serikali inalipa nusu na wewe nusu. Kilichoiua vocha huku mitaani kila mtu anakijua. Asiyekuwa na ile nusu yake alikuwa anaiuza vocha kwa bei ya kutupa, anaweka sahihi au dole gumba kwamba kapokea mbolea, na mbolea hajaiona. Bibi mmoja jirani yetu aliuza vocha zote tatu kwa hela ya kununua sukari na mafuta ya taa, afu Julai akaja kwetu kuomba mahindi ya kusaga. Nilikuwa kijana mdogo lakini ile debe aliyobeba mama kwenda kumpimia naikumbuka mpaka leo. Naitaja kwa sababu kuna watu wanafanya mchezo uleule sasa hivi kwa kutumia namba za wakulima, ntafika huko.

Haya, daftari. Unaenda kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, au kwa afisa ugani, ukiwa na kitambulisho, cha NIDA ndo kinarahisisha zaidi, na namba ya simu, na maelezo ya shamba lako liko kitongoji gani, heka ngapi, unalima nini. Hawahitaji hati ya kiwanja. Kihamba chako, yaani lile shamba la nyumbani la ukoo, kinajulikana, mwenyekiti wa kitongoji anakijua na majirani wanakijua, inatosha. Kama ulishasajiliwa miaka ya nyuma usiseme mimi nimemaliza, kila msimu kuna kuhuisha taarifa, na taarifa zisipohuishwa ndo hizo unafika dukani unaambiwa haupo.

Kuna makosa manne nayaona kila mwaka kwenye hili daftari na yote yanarekebishika kama ukiwahi.

La kwanza ni heka na hekta. Sisi tukisema heka tunamaanisha ekari. Hekta ni kubwa, ni kama ekari mbili na nusu. Sasa mzee anasema nina heka mbili, kijana anayeandika anaandika hekta mbili, au kinyume chake, mwenye hekta anaandikiwa ekari na mgao wake unakatwa zaidi ya nusu bila mtu kujua. Tamka ekari. Na kama hujui shamba lako ni ekari ngapi nenda kapime kwa miguu, hatua 70 kwa hatua 70 za mtu mzima ni ekari moja. Usikisie. Nilimpeleka baba yangu mdogo kwenye shamba lake la Mabogini ambalo maisha yake yote analiita heka tatu, tukahesabu hatua, ikawa mbili na kidogo. Alikasirika kidogo akasema nyie watoto mna hatua kubwa, akarudia kuhesabu mwenyewe polepole na fimbo mkononi, ikatoka ileile. Na wapo wa upande wa pili, waliozoea kujiita maskini wa robo heka kumbe kihamba na kile kipande cha mtoni vikiunganishwa ni ekari nzima.

La pili, na hili ni letu kabisa wa mlimani, una kihamba juu na shamba tambarare. Juu una kahawa na migomba, chini una mahindi na maharage, na unakuta kijiji cha juu hakina habari na shamba la chini, mtendaji wa Kilema hawezi kuthibitisha heka zako za Kahe ambazo hajawahi kuziona. Wengi wanaandikisha kihamba tu kwa sababu ndo nyumbani, afu wanategemea mbolea ya mahindi ya tambarare itoke kwenye kirobo cha migomba. Haitoki. Nenda kwa mtendaji wa kule shamba liliko, mwambie nataka shamba langu la hapa liingie kwenye taarifa zangu, na umwambie wazi kwamba nimeshaandikishwa kijiji fulani ili wasikufanye watu wawili. Ni nauli ya siku moja, nenda mapema barabara ikiwa bado kavu.

Kama umekodi shamba na wewe ndo mkulima, usimwachie mwenye ardhi aandikishwe kwa heka unazolima wewe. Andikishaneni kikaratasi cha kukodishana, mwenyekiti ashuhudie, wewe uende nacho. Nimeona mtu kakodi heka nne Chekereni za mpunga, mwenye shamba yuko Dar, kaandikishwa yeye kwa simu, na mbolea ikanunuliwa mahali pengine kabisa.

La tatu ni jina la marehemu. Hili linaniuma na ntalisema kirefu kidogo. Kwetu kihamba kinaitwa cha baba hata kama baba ana miaka nane kaburini pale chini ya mgomba. Mama ndo anaamka saa kumi na moja, mama ndo anapalilia, mama ndo anakata majani ya ng'ombe, lakini kwenye daftari jina ni la mzee, au limeshahamishiwa kwa kitinda mimba kwa sababu mila inasema nyumba ya wazazi ni yake, na kitinda mimba yuko Arusha anaendesha daladala. Jamani mbolea inatakiwa iende kwa anayelima. Kumwandikisha mama kama mkulima hakumnyang'anyi mtu urithi, ni daftari la pembejeo, halihamishi ardhi. Na hata tukienda kwenye ardhi yenyewe, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume. Mama akisita, mwambie mama twende wote, mimi ntasimama hapo pembeni. Wengi hawakatai kwa kutotaka, wanaona aibu kuulizwa maswali mbele ya wanaume waliokaa kwenye benchi pale ofisini.

La nne ni simu, na hapa nina la kwetu wenyewe. Mama yangu alikuwa hana laini yake ya maana, ile aliyokuwa nayo ilipotea na kitochi chake mnadani, kwahiyo siku ya kuandikishwa akatoa namba ya kaka yangu mkubwa aliye Dar, akaona ndo salama, mtoto wa kwanza. Machi ikafika, mama kashuka mjini asubuhi na hela yake ameifunga kwenye ncha ya kanga, kapanga foleni kwenye duka la wakala, kafika mbele saa sita, muuzaji kaingiza namba, akamwambia mama angalia meseji kwenye simu. Meseji imeenda Kariakoo. Kaka yuko stoo anapokea mzigo, simu iko chaji. Mama akapiga mara tano. Muuzaji akamwambia mama pisha wengine. Akakaa pale kwenye ngazi mpaka saa kumi, akapanda gari akarudi mlimani mikono mitupu, na kesho yake mvua ikaanza. Hakutusema, alisema tu "mwanangu ile meseji ilichelewa". Wiki hiyohiyo nilimpeleka akasajili laini kwa alama ya vidole kwa kitambulisho chake mwenyewe, afu tukaenda kwa mtendaji kubadilisha namba. Kwahiyo nakuomba, namba iwe ya simu inayolala nyumba moja na mkulima. Kama bado anatumia ya kwako, basi wewe ndo uende nae dukani, mguu kwa mguu.

Ukishaandikishwa hakikisha umepata namba yako ya mkulima. Iandike nyuma ya kadi ya kliniki, kwenye Biblia, kwenye msahafu, ukutani, popote ambapo haipotei. Kuna huduma ya *152*00# ya serikali, ukiifungua kuna sehemu ya kilimo, unaweza kupitia huko, lakini wengi wa rika la wazazi wetu ni bora afisa ugani awaangalizie kwenye sistimu na aseme kwa mdomo jina, heka na zao, msikilize kama ni sahihi. Usiridhike na "upo mama, nenda". Muulize nipo kwa ekari ngapi na kwa zao gani.

Na hapa kuna silaha ambayo hatuitumii. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Wakati wa vocha majina yalikuwa yanapelekwa kwenye mkutano watu wanayasikia. Simama kwenye mkutano useme mwenyekiti naomba orodha ya wakulima wa mbolea isomwe, na heka zao, au ibandikwe kwenye ubao wa ofisi. Sio ugomvi. Orodha ikisomwa hadharani aliyejiandikia heka ishirini kwenye kijiji ambacho hakuna mwenye heka tano ataonekana hapohapo, watu watacheka na itakuwa imeisha. Wenzetu Marekani malipo yanawekwa wazi nchi nzima, sisi kijiji kimoja kinatushinda nini?

Sasa mahesabu ya mifuko, kwa sababu sistimu inakupa kiasi kulingana na heka na zao, na wewe unatakiwa ujue unachohitaji ili usinunue pungufu wala usirundike. Mahindi ekari moja, mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Haikutoka hewani hiyo. Ukipanda sentimita 75 mstari kwa mstari na 60 shimo kwa shimo, mbegu mbili kila shimo, unapata kama mashimo 9,000 kwenye ekari. Kizibo kimoja cha soda cha DAP ni kama gramu 5. Zidisha, ni kilo 45, mfuko umekaribia kwisha. Weka kizibo, funika na udongo kidogo, ndo uweke mbegu, mbolea isigusane na mbegu itaiunguza. Urea subiri mahindi yafike magotini na udongo uwe na unyevu, na uifukie, ukiiacha juu ya ardhi jua likaiwakia inapotea hewani na wewe unabaki unashangaa mbona majani bado ya njano.

Wa mpunga wa Lower Moshi chukueni Urea, msichukue CAN kwa ajili ya majaruba, nusu ya naitrojeni yake ni naitreti na kwenye maji yaliyotuama inapotea. CAN ni nzuri kwa kahawa na kwa mboga za wenzetu wa Arumeru. SA ndo ya bei ndogo na watu wa mlimani wanaikimbilia kila mwaka, lakini inaongeza tindikali kwenye udongo, na vihamba vyetu vimelimwa vizazi na vizazi, usiitumie mfululizo bila kupima udongo. Maafisa ugani siku hizi halmashauri zimepewa vifaa vya kupimia udongo, mwombe aje, ana pikipiki, na chai ya maziwa na ndizi hazikosekani. Wenye kahawa ya zamani inayoshambuliwa na ugonjwa wa chulebuni, mbolea peke yake haitaiponya, waoneni TaCRI, ile taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo kwa miche ya aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, au ulizeni AMCOS yenu, yaani chama chenu cha ushirika.

Kuhusu muda. Mwaka wa ruzuku unahesabiwa Julai mpaka Juni. Sisi masika yetu ni Machi. Kwahiyo daftari lishughulikie kati ya Agosti na Novemba, hela iwe tayari Januari, mbolea ya kupandia iwe ndani mwisho wa Februari. Wale wa Rombo na kwingine mnaopanda vuli Oktoba, nyie rudisheni kila kitu nyuma, Julai muwe kwa mtendaji. Foleni ya Machi inatokana na sisi wenyewe kusubiri wingu. Na hela ndo kikwazo kweli, sikatai, Januari ina ada za shule na sikukuu imeshamaliza kila kitu. Kikundi chetu cha kina mama pale kijijini kimefanya jambo nimelipenda, wanaweka elfu mbili kila wiki kuanzia baada ya mavuno, inaitwa hela ya DAP, hairuhusiwi kukopwa kwa harusi wala kwa kipaimara. Ikifika Januari kila mmoja ana mfuko wake na wanakodi toyo moja, ile pikipiki ya magurudumu matatu, kubeba mizigo ya wote, nauli inagawanywa.

Kwa wenye vieneo vidogo, mifuko ya kilo 25 ipo, ulizia. Usinunue mbolea iliyofunguliwa inapimwa kwa kilo kwenye ndoo hata kama duka ni la ndugu, hujui imechanganywa na nini na hakuna kumbukumbu yoyote kwamba umenunua.

Siku ya dukani. Nenda kwa wakala aliyesajiliwa, cheti chake cha TFRA kinatakiwa kionekane ukutani, kiangalie. Beba kitambulisho, namba ya mkulima, simu yenye chaji na laini iliyomo ndani, hela kamili. Muuzaji ataingiza namba yako, mfuko una ile alama ya miraba miraba nyeusi anaiskani kwa simu, meseji inaingia kwako. Soma meseji kabla hujalipa. Inasema mfuko mmoja au miwili? Aina gani? Kuna mchezo wa kukuskania miwili unabeba mmoja, na ule mwingine unauzwa kwa bei ya juu kwa mtu asiye kwenye daftari. Mwaka juzi nilikuwa na shangazi kwenye duka moja nikamwambia shangazi soma, akasema mwanangu miwani sina, nikasoma mimi, imeandikwa mitatu, sisi tumechukua miwili. Nikamwambia muuzaji kwa upole tu, dada hapa naona tatu. Akasema netiweki imegoma ikajirudia, akarekebisha. Inawezekana ni netiweki kweli. Lakini kama nisingesoma, shangazi angerudi Aprili kuchukua Urea aambiwe mgao umeisha.

Na hii ndo inanirudisha kwenye ule mchezo niliosema. Usimpe mtu namba yako. Anakuja kijana na daftari, anakupa elfu kumi, anasema mama nipe namba yako na nikuskani hapa, wewe si hulimi sana mwaka huu. Hiyo ni vocha ya yule bibi imerudi na nguo nyingine. Elfu kumi kwa punguzo ambalo ni mara kadhaa ya hiyo, na mbolea inavushwa mpakani Holili na Tarakea kuuzwa Kenya. Mkulima kuuza tena mbolea ya ruzuku ni kosa, na aliyeonekana kwenye sistimu kwamba ndo kaichukua ni wewe, yule kijana jina lake halipo popote.

Kabla mfuko haujapanda kwenye toyo ukague. Angalia mshono wa juu. Wa kiwandani ni wa mashine, umenyooka, uzi mmoja mwanzo mpaka mwisho. Ukiona matundu ya zamani pembeni ya uzi mpya, au uzi wa rangi mbili, ule umefunguliwa, omba mwingine. Omba upimwe kwenye mizani. Ukifika nyumbani chukua kijiko cha Urea weka kwenye glasi ya maji, koroga, shika glasi, inatakiwa iyeyuke yote na glasi iwe ya baridi mkononi kama imetoka kisimani. Ikibaki na mchanga chini, au haipoi kabisa, fungasha urudi nayo na risiti. Risiti ya mashine usiiache, hata kama muuzaji anasema rola imeisha, subiri aweke nyingine.

Ukikwama usigombane na muuzaji, mara nyingi hana uwezo wa kubadilisha taarifa zako. Andika tarehe, jina la duka, alichokuambia, piga picha ya meseji. Anza kwa mtendaji na afisa ugani wa kata, wasipojibu ndani ya siku chache panda kwa afisa kilimo wa wilaya pale halmashauri, na kama ni habari ya bei kuzidishwa au mfuko wa mashaka wapelekee TFRA. Nenda na wenzako wawili watatu wenye shida kama yako. Mmoja anaambiwa njoo kesho, watatu wanakaribishwa viti.

Mbolea ikifika nyumbani usiiweke chini kwenye sakafu, weka juu ya mbao au mabanzi, mbali na ukuta, mbali na mbegu. Na kwa sisi tunaofuga ng'ombe bandani, Urea ni sumu kwa ng'ombe. Akilamba kiasi tu anavimba, anatetemeka, na kabla daktari hajapanda mlima ameshakufa. Ule mfuko mtupu usiutumie kubebea majani wala usiusuuze kwenye ndoo ya maji ya ng'ombe, na chumvi ya ng'ombe usiihifadhi chumba kimoja na Urea maana zote ni nyeupe na jioni gizani mtoto anatumwa "kalete chumvi ya ng'ombe" na anachota anachokiona kwanza.

Wa Karatu na Monduli mlioniuliza kuhusu mbegu za mahindi, nazo ziliingizwa kwenye ruzuku kuanzia msimu wa 2024/25, na mlango ni uleule, jina kwenye daftari, namba ya mkulima, wakala aliyesajiliwa. Pakiti iwe na lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na iwe haijafunguliwa. Ofisi za vijiji ziko wazi Jumatatu mpaka Ijumaa.